Kazi ya Baba Imakulata

Cheyo, Tabora
9 Machi 2024

Dada Yustina,

Shikamoo. Chukua na nyingine ya akiba, maana najua nimechelewa kuandika. Shemeji Luhende mpe salamu zake, umwambie asijisumbue kujibu, kwake kuitikia tu ni kazi ya nusu siku. Imakulata mwanangu mshike kichwa kwa niaba yangu. Mimi ni mzima kama chuma cha reli, na hapa Cheyo majirani wote wameshanijua, hata wale ambao hawakutaka.

Sasa sikiliza habari, lakini kaa kwanza. Nimeiacha barabara. Miaka kumi na minane nimeshika usukani wa lori, nimefika Lubumbashi, nimefika Kigali, na Tunduma nimelala mpaka mbu wa pale wananiita kwa jina. Mtu aliyeiona dunia kiasi hicho hawezi kuendelea kukunja magoti kama kuku anayeatamia. Nimeamua mwenyewe, kwa hiari yangu, bila kushauriwa na mtu yeyote. Tajiri wangu alilia. Nikamwambia, "Bosi, jikaze, utapata mwingine, ingawa hatakuwa mimi."

Nimefungua ofisi jirani na stendi. Wasiojua biashara wanaiita meza ya kava za simu. Waache.

Kwa hiyo umwandae Imakulata. Mama yake alipofariki nilikuomba ukae naye mpaka nitulie mahali pamoja. Basi nimetulia. Januari shule zikifunguliwa nataka asome hapa mjini, alale kwangu, anione kila siku mpaka anichoke.

Barua nimemkabidhi Sabiri, konda wa basi la kwenu. Simu ninayo, lakini huko kwenu mtandao mpaka mtu apande kichuguu, na maneno mazito hayasemwi mtu akiwa amesimama juu ya kichuguu.

Ndimi mdogo wako,
Leodgar, Mkurugenzi


Ulyankulu
7 Aprili 2024

Mdogo wangu Leodgar,

Marahaba, zote mbili. Hapa tu wazima. Pasaka imepita salama, Padri alifika na tukapata misa. Karanga zimebeba vizuri. Imakulata anarefuka, gauni la Pasaka la mwaka jana limekuwa blauzi. Luhende aliisoma barua yako yote, akaikunja, akasema "Hm." Tafsiri mwenyewe.

Umeandika kwamba umeacha kazi mwenyewe, na kwa hiari, na bila kushauriwa. Jambo moja umelisema mara tatu. Mimi nimekubeba mgongoni, Leodgar. Ukisema kitu mara moja huwa ni kweli. Ukisema mara tatu, ujue kuna ng'ombe wa mtu amekufa mahali.

Na habari ya kichuguu usinidanganye. Mwaka juzi ulinipigia nikiwa juu ya kichuguu hichohicho, ukanisimulia bei ya samaki Kigoma mpaka miguu ikafa ganzi. Unaandika barua kwa sababu barua haina sauti, na sauti yako naijua.

Habari ya Imakulata nimeisoma. Januari bado mbali. Tuombe uzima.

Nimempa Sabiri kifurushi cha karanga na michembe ya viazi. Ule na wenzako.

Dada yako,
Yustina


Cheyo, Tabora
2 Juni 2024

Dada mpenzi, shikamoo.

Michembe imefika, imeliwa, imesahaulika kwa jinsi ilivyoisha haraka. Hapa baridi ya asubuhi imeanza na watu wamevaa makoti kama tuko Ulaya. Mimi sijavaa, nimezoea, nilishawahi kulala Makambako.

Ofisi ya kava nimeifunga. Haikufilisika, hapana, ila tuligundua tatizo la kiutawala: wateja wangu wote walikuwa marafiki, na rafiki hauziwi kava, anapewa. Sasa hivi Cheyo nzima simu zimevaa vizuri kuliko watoto.

Baada ya hapo niliajiriwa na mnunuzi mmoja wa karanga kama Afisa Ubora. Kazi yenyewe ni kuonja. Niliifanya kwa moyo wote, na nadhani ndiyo sababu wakanipumzisha.

Lakini sasa nimeipata kazi yangu, dada, safari hii ni ile Mungu aliyonipangia. Nimekuwa mshereheshaji! Kile kinywa mlichokuwa mnakilaumu nyumbani kinakwenda kunilisha. Nimepewa harusi ya mwezi wa saba, binti wa Mama Josepha wa Itetemia. Suti nimeazima. Inanibana makwapani kidogo, lakini mshereheshaji kazi yake ni kunyoosha mikono juu, kwa hiyo haitaonekana.

Wakati mwingine asubuhi naamka, navaa viatu, halafu nakaa kitandani navitazama, sijui viende wapi. Hapo nakutania tu.

Imakulata mwambie chumba chake nimeshakichagua, kina dirisha.

Leodgar,
Mshereheshaji Mkuu, Kanda ya Magharibi


Ulyankulu
23 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Tunaendelea vizuri isipokuwa Luhende, alijikata kidole akirekebisha mzinga wa nyuki, sasa kinapona. Mvuno umekuwa mzuri. Imakulata anakwenda shule na kurudi. Amejifunza kupika ugali wa watu watatu, ingawa wa kwanza tulikula kwa subira.

Ile sehemu ya viatu hukunitania.

Na kuna jambo jingine. Zamani mstari wako mmoja ulibeba sentensi nzima. Barua hii ya juzi mstari mmoja unabeba maneno manne, herufi kubwa kama za bango la chama, na zinateremka upande wa kulia kama maji yanayotafuta mto. Imakulata alipoiona akauliza, "Shangazi, mbona baba anapiga kelele?"

Nikamwambia baba yako ndivyo alivyo. Lakini wewe nakuuliza: macho yana nini?

Dada yako,
Yustina


Cheyo, Tabora
28 Julai 2024

Dada, shikamoo.

Pole ya kidole kwa shemeji. Macho yangu ni mazima. Kalamu ndiyo nene.

Harusi ilifana. Niliongoza mpaka katikati, kisha nikahamishiwa idara nyingine ndani ya sherehe hiyohiyo. Wenye uzoefu wanaita kupanda cheo. Barua hii ni fupi kwa sababu nina kazi nyingi.

Leodgar


Ulyankulu
11 Agosti 2024

Leodgar,

Salamu baadaye.

Siku ya Jumanne Sabiri alishusha mzigo wa dukani hapa kwetu, nikampa maji ya kunywa, nikamuuliza, "Umemwona mdogo wangu?" Akaanza kucheka mpaka maji yakamtokea puani. "Mama," akasema, "mdogo wako amempanda mchungaji mgongoni."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Amempanda nani?"

"Mchungaji! Wa Moravian! Mbele ya keki! Mimi nilikuwepo, nilimpeleka shangazi yangu."

Luhende alikuwa anakata kamba za mizinga. Dada yako nakwambia ukweli, yule mwanaume aliweka kisu chini, akajishika tumbo, akacheka kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo tangu tulipofunga ndoa.

Mimi sikucheka. Nilicheka baadaye, jikoni, peke yangu. Lakini sasa nataka unieleze yote. Umefanya nini, umeacha lori kwa nini, na siku hizi unakula wapi. Ukiniandikia tena habari ya kalamu nene nitapanda basi nije mwenyewe.

Yustina


Cheyo, Tabora
25 Agosti 2024

Dada Yustina, shikamoo, na unisikilize bila kukunja uso.

Kwanza Sabiri hakueleza yote, na penye makonda ukweli hushuka kituo cha kwanza. Mambo yalikuwa hivi.

Bwana harusi kazaliwa Kisarawe, kakulia Kisarawe, anaongea Kizaramo kama amekinyonya. Nikasema aha, Mzaramo! Mtani wangu halisi! Unakumbuka babu alivyokuwa, Mzaramo akifika nyumbani hali mpaka avuliwe viatu na kutukanwa ukoo mzima, na wote wanacheka. Nikajiambia, Leodgar, leo utaacha historia Itetemia.

Basi wazazi wa bwana harusi wanaingia, nyimbo zinapigwa, nami nikalala chini mlangoni wasipite. Watu wakacheka. Nikaona mambo ni haya. Nikainuka, nikamvua baba wa bwana harusi kofia, nikaivaa, nikashika kipaza sauti, nikatangaza: "Ndugu zangu! Watu wa pwani walimbebesha babu yangu mizigo kutoka Bagamoyo mpaka hapa Tabora, kwa miguu! Leo zamu yao! Mzee, inama!" Nikampanda mgongoni.

Dada, hakucheka mtu. Hata jenereta nadhani lilinyamaza.

Maana yule mzee si Mzaramo. Ni Mnyakyusa wa Rungwe. Kisarawe alipelekwa kuhudumu, mchungaji, akazalia watoto hukohuko. Utani na mimi hana wa asubuhi wala wa jioni, na mgongo unamsumbua miaka mingi. Akageuza shingo taratibu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kijana, wewe ni nani?" Nikiwa bado juu.

Mama Josepha akanishusha kwa sikio. Mimi, mtu wa miaka arobaini na tatu, kwa sikio! "Toka hapa! Nenda nyuma! Nisikuone mpaka watu wameondoka!"

Nikaenda nyuma, kulikokuwa na majiko. Hakukuwa na mtu. Wapishi wote walikuwa wamekimbilia mbele kutazama mchungaji anapandwa, na pilau la watu mia mbili lilikuwa linaungua. Harufu ile ukishaisikia hukai. Nikavua koti la watu, nikavuta kuni. Sikukoroga. Wali ulioungua ukiukoroga umeutangaza. Nilichota wa juu taratibu nikauhamishia kwenye masufuria mengine, nikapasua vitunguu vibichi nikavipanga juu, nikafunika kwa kitambaa chenye maji, nikapanga makaa kwenye mifuniko. Wapishi waliporudi nikawafokea kama watoto wangu, na wakanitii, sijui kwa nini.

Jioni nakwangua ukoko, nikasikia mtu nyuma yangu. Mchungaji, na fimbo yake. Nikasimama.

"Nimeambiwa chakula kimeokolewa na mtu," akasema. "Ni wewe?"

"Ni mimi, Mchungaji."

"Ni wewe uliyenipanda?"

"Ni mimi pia."

Akaegemea fimbo. "Mgongo haujakusamehe," akasema. "Tumbo limeshasamehe." Akanyoosha sahani nimwongeze.

Sasa hilo la lori. Nilimgonga ng'ombe wa watu pale Igunga, saa ya magharibi, jua likiwa usoni. Uliposema ng'ombe wa mtu amekufa nilidhani tayari umeambiwa, nusura nihame mji. Sikumwona, dada. Ng'ombe mzima, mweupe, na sikumwona. Taa za wenzangu nazo zikawa zinapasuka usoni kama fataki. Daktari akasema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, ila nikitia matone kila siku kilichobaki kitabaki. Lori akanikataza. Tajiri hakulia. Niliyelia ni mimi, nikiwa nimemkabidhi funguo, nyuma ya choo cha gereji, ili wenzangu wasione.

Hukuniuliza ningefanya nini na mikono hii baada ya hapo, kwa sababu sikukupa nafasi ya kuuliza. Nilikuwa sijui. Niliishia darasa la saba, ingawa la saba lile la zamani, na kitu pekee nilichokuwa ni dereva. Ukiniuliza mimi ni nani nilikuwa nataja namba ya gari.

Tangu harusi ile nimeitwa kwenye kipaimara kimoja, misiba miwili na mkutano wa kwaya. Napika. Basi, nimelisema. Unakumbuka nilivyokusimulia tulivyokwama Uvinza kwenye matope, malori mengi, na madereva wote wakawa wanakuja kula kwangu? Miaka yote ile nilikuwa napika njiani nikadhani ni tumbo langu tu linanisumbua.

Hapa vijana wa stendi wananiita Mama Leo. Nawajibu, lakini inauma kidogo.

Chumba cha Imakulata nimekilipia. Niambie Januari nimpokee siku gani.

Leodgar,
Meneja wa Huduma za Lishe


Cheyo, Tabora
20 Oktoba 2024

Dada, shikamoo.

Sabiri anasema barua alikupa mkononi. Anasema uliisoma umesimama, ukaingia ndani. Wiki zinakwenda na bahasha haiji.

Kama ni aibu ya upishi, sema. Najua ukoo wetu wanaume huwa wanaliona jiko kwa mbali. Kama hutaki mtoto akae na baba anayenuka vitunguu, sema pia, nitatafuta kitu kingine. Kuna mtu anatafuta mlinzi.

Matone natia.

Leodgar


Ulyankulu
17 Novemba 2024

Mdogo wangu Leodgar,

Marahaba. Nisamehe. Kwanza ulinzi usiuguse, mtu aliyekosa kumwona ng'ombe mweupe atamwona mwizi?

Barua yako niliisoma mara nyingi. Pale nyuma ya choo cha gereji nililia. Kisha nikaiweka chini ya godoro nikawa sijibu, na kila Sabiri akipita najifanya niko shambani. Sikuwa naona aibu. Wakati mama anaumwa, wewe ndiye uliyekuwa unampikia uji, mimi nikiungua vidole, na akaukataa wangu akaunywa wako. Umesahau? Mimi nilidhani unajua siku zote.

Kilichonifunga mdomo ni Januari. Nilipoona chumba umekilipia nikajua safari hii ni kweli. Zile ofisi zako za kwanza sikuziogopa, nilijua zitafungwa, na mtoto atabaki. Ndiyo, nilikuwa nawaza hivyo, mimi dada yako ninayesali rozari. Wanangu wamekua wameondoka. Imakulata akitoka hapa nitabaki na Luhende, na Luhende unamjua, maneno yake ya wiki nzima yanaenea kwenye kiganja. Yeye ndiye aliyenikuta nimekalia godoro. Akasimama mlangoni, akasema, "Mtoto ana baba." Halafu akaenda kwenye mizinga yake. Maneno matatu, na sikulala vizuri.

Basi njoo umchukue. Nguo zake nimeanza kuzifua.

Ila kuna hili. Shuleni mwalimu aliwasimamisha mmojammoja waseme kazi za wazazi wao. Mkulima, mkulima, mwalimu, fundi baiskeli. Ilipofika zamu yake akasimama akasema, "Baba yangu yuko njiani." Darasa likacheka. Aliporudi nyumbani hakula. Akaniuliza, "Shangazi, nikienda shule ya mjini na huko wakiuliza, niseme baba anafanya kazi gani?"

Ningeweza kumjibu mimi. Nimeona si jibu langu.

Dada yako,
Yustina


Cheyo, Tabora
26 Novemba 2024

Dada Yustina,

Shikamoo ya dhati, hii haina akiba.

Nimesoma barua yako jikoni, Itetemia, kuna ubarikio wa watoto wa Moravian na mimi ndiye niliyeitwa. Niliposoma habari ya uji wa mama nikawaambia akina mama wenzangu ni moshi. Wakasema, "Mbona leo tunatumia mkaa?" Wabishi sana hawa.

Nakuja tarehe ishirini na tatu Desemba. Sitamchukua siku hiyo. Nakuja kuwapikia Krismasi, wewe ukae kitini na miguu mbele, usiniguse sufuria. Imakulata tutaondoka naye Januari, wote wanne, twende ukalione dirisha lake na wewe ulale siku utakazo. Likizo zote za shule ni zako. Nimeshamwambia Sabiri amtengee kiti cha mbele kila likizo, na akimchelewesha nitampanda mgongoni. Na shemeji Luhende mwambie nimesikia hotuba yake, ndefu kidogo, lakini nimeshukuru.

Kuhusu swali la mwanangu. Nilikaa nalo siku nzima. Nilianza kumwandikia majina, Meneja hivi, Mkuu wa vile, nikayafuta yote, karatasi ikachanika nikachukua nyingine. Umsomee hapa, au asome mwenyewe, herufi ni kubwa za kutosha.

Imakulata, wakikuuliza, simama wima useme: baba yangu ni mpishi. Wakicheka, ngoja wamalize. Wakiuliza anapika nini, hapo sasa anza kujisifu, wala usiogope kuzidisha.

Baba yako,
Leodgar